Digrii Haina Dhamiri

Nilipoacha chuo niliambiwa eti nitapotea, maana elimu ni mwanga. Sawa. Lakini hebu tuangalie Tunisia.

Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa matunda wa Sidi Bouzid aliyejichoma moto Desemba 2010, alivumishwa kuwa na digrii. Hakuwa nayo, hata sekondari hakumaliza. Ni kama watu hawakuamini asiye na cheti anaweza kudai utu wake. Maandamano yaliyofuata yalimng'oa Ben Ali kabla mwezi kuisha. Mwaka 2015, mwanafunzi wa chuo kikuu aliingia ufukweni Sousse na bunduki, akaua watu 38. Na hapa kwetu, mwaka huohuo, mmoja wa waliowaua watu 148 Garissa alikuwa amesomea sheria Nairobi.

Sisemi shule ni bure. Nauliza inatuzoesha nini. Ukifunzwa miaka yote kwamba kila swali lina jibu moja, na mwenye nalo ni aliyesimama mbele, basi atakayekuja na jibu moja la dunia nzima hatakuwa mgeni kwako. Amebadilisha somo tu.

Rais anaweza kung'oka kwa wiki nne. Tabia ya kumeza jibu haing'oki hivyo. Inang'oka pale mtoto anapomuuliza mwalimu, "Umejuaje?", na asichapwe.