Maumivu Haya ni ya Nani?

Kuna mama mmoja ambaye hadi leo ananisifu kwa kosa nililomtendea. Nikikutana naye njiani ananishika mkono na kuwaambia alio nao, "Mtoto huyu ana mikono ya dawa." Ndugu msomaji, sifa hiyo inaniuma kuliko tusi. Naomba uvumilie nikusimulie habari yake, kisha tuulizane swali ambalo peke yangu nimeshindwa kulimaliza: mtu akikubali kuumizwa, akaumia, kisha akashukuru, je, aliyemuumiza ana hatia?

Mimi najifunza ukandaji. Najua wengine wakisikia neno "masaji" wanacheka pembeni, na wengine wanauliza kama nyumbani wanajua. Hao nitawajibu siku nyingine. Kwa leo nitasema tu kwamba kazi hii kwetu ni ya zamani kuliko mabango ya barabarani. Bibi yangu alikuwa akikanda wazazi. Mwanamke akijifungua, bibi aliitwa, maji yakachemshwa, akachovya kitambaa na kumkanda tumbo, kiuno na mgongo. Sisi watoto tulikaa uani tukisikia kelele. Mzazi akilia kwamba maji yanaunguza, bibi alijibu, "Vumilia mwanangu, ni kwa faida yako." Akimaliza alipewa nazi, unga na shukrani. Sikumbuki hata mmoja aliyerudi kumlaumu.

Hivyo ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Dawa kali ndiyo dawa. Shubiri hunywewa kwa sababu ni chungu. Mgonjwa akienda zahanati akapewa vidonge bila sindano, hurudi nyumbani akinung'unika kwamba hajatibiwa. Kidonda kikipakwa spiriti kisichome, mama husema spiriti imeharibika. Na juu ya yote tunao usemi wa kuhalalishia: mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa usemi huo tumechapwa fimbo, tumetobolewa masikio, tumefundwa. Nilipoingia darasani kujifunza ukandaji wa kina, niliingia na mzigo huo kichwani bila kujua kwamba ni mzigo.

Ukandaji wa kina ni ule unaotafuta misuli ya chini, sio ile ya juu tu. Darasani tulianza na ukandaji wa Kiswidi, ambao watu hupenda kumpa sifa Pehr Henrik Ling (1776–1839), ingawa mtu aliyepanga namna zake za kupapasa, kufinyanga na kusugua ni daktari wa Uholanzi, Johann Georg Mezger (1838–1909). Kisha tukafika kwa wale waliotaka kwenda chini zaidi: James Cyriax wa Uingereza na msuguo wake wa kina juu ya kano, na Ida Rolf wa Marekani (1896–1979), mwanamke msomi wa kemia ya viumbe, ambaye tiba yake ilipata umaarufu wa aina mbili: wa kunyoosha watu na wa kuwaliza.

Kazi yenyewe, ikifanywa inavyotakiwa, ni ya polepole mno. Mafuta unapaka kidogo tu, maana mengi yanateleza. Unaanza na kiganja kizima ili nyama ipate joto. Halafu unatumia kigasha, vifundo vya vidole au kiwiko, na hupigi nguvu za mkono bali unaegemeza uzito wa mwili, mgongo wako ukiwa umenyooka. Unashuka mpaka misuli ikukatalie. Hapo unasimama. Unangoja. Ikilegea unaingia tena kidogo, isipolegea unatoka. Dole gumba unalitunza, kwa sababu wakandaji wengi huachishwa kazi na madole gumba yao wenyewe. Na kuna mahali ambapo hutii hamu ya kubonyeza hata ukiombwa: mbele ya shingo, kwapani, kwenye kinena, nyuma ya goti, na pale pembeni ya uti wa mgongo zilipo figo. Hapo mishipa iko karibu na ngozi, au kiungo hakina ngao ya kutosha.

Haya yote niliyaandika kwenye daftari langu. Neno "unangoja" nililipigia hata mstari. Lakini kupigia neno mstari ni jambo moja na kulitii ni jambo jingine.

Mama ninayemsema ni fundi cherehani. Miaka mingi ameinamia mashine, na mabega yake yamepanda kama mtu anayesikia baridi. Nilikuwa katika miezi ya mazoezi, natafuta watu wa kujifunzia. Nikamwamkia, nikamweleza, akakubali mara moja. Kabla hajalala nilimwambia maneno ambayo niliyasikia kwa wenzangu na kuyapenda kwa vile yalinifanya nionekane mjuzi: "Mama, itauma kidogo, lakini ikiuma ndiyo inapona. Nayavunja hayo mafundo." Akajibu, "Wewe fanya, mwanangu."

Nikaweka kiwiko kati ya uti wa mgongo na bega. Misuli ikanikatalia. Sikungoja. Nilikuwa na haraka ya kuona matokeo, na kwa kweli nilikuwa najisikia raha, kwamba mimi, ambaye kwenye daladala nasukumwa na kila mtu, leo nina nguvu mkononi. Nikaegemea zaidi. Mama hakusema kitu. Niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja na kiganja kimekamata shuka. Pumzi yake ikakatika, ikarudi kwa vipande. Niliona yote hayo, bwana, na nikajiambia kwamba kimya chake ni ruhusa. Nikasahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kesho yake damu ilikuwa imevilia. Madoa ya zambarau kutoka bega hadi chini ya mbavu, na kwa siku 4 hakuweza kuinua mkono kukata kitambaa. Kwa fundi, siku 4 si mchezo. Mimi nilipomwona nikasema, "Ni kawaida mama, ni sumu inatoka." Uongo huo ulitoka mdomoni bila kukwama. Naye akafurahi! Akawaonyesha majirani yale madoa kama mtu anayeonyesha cheti. Eti, hii ndiyo kazi.

Hebu sasa tuweke hoja mezani. Nimekuwa nikijitetea kwa hoja 3, na nitazisema kwa haki, kama wakili wangu mwenyewe.

Ya kwanza: alikubali. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini alikubali nini? Alikubali kile nilichomwambia, na nilichomwambia hakikuwa kweli. "Mafundo" hayavunjwi kama udongo mkavu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu kuhusu utando mgumu wa paja na wa unyayo. Wakaona kwamba kuubana au kuusogeza hata kwa asilimia 1 tu kungehitaji nguvu kubwa kupita kiasi cha kawaida cha mwili wa binadamu. Kiwiko changu ni nani? Na ile "sumu" nayo ni hadithi. Asidi ya laktiki, inayosingiziwa kila siku, huondoka yenyewe muda mfupi baada ya kazi ngumu. Haingoji mkandaji aje kuifukuza. Kwa hiyo mama alitia sahihi, tuseme, kwenye karatasi niliyoijaza mimi kwa maneno ya uongo. Ruhusa iliyopatikana hivyo ni ruhusa gani?

Ya pili: alinufaika. Anasema baada ya wiki mabega yalikuwa mepesi. Siwezi kumkanusha, mwili ni wake. Lakini kunufaika hakuthibitishi kwamba maumivu ndiyo yaliyomnufaisha. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na hisia za kuguswa zinaweza kuliziba ili habari za maumivu zisipite zote. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua mwenyewe bila kufundishwa. Nadharia hiyo imerekebishwa tangu wakati huo, lakini funzo lake limebaki: mguso wenyewe hutuliza. Huenda basi mama angepata nafuu ileile kwa nusu ya uzito niliouweka, na siku 4 za kazi yake zisingepotea.

Ya tatu ndiyo ngumu: nilimuumiza kwa faida yake. Hapa ndipo bibi yangu anaponijia na sufuria lake la maji. Lakini tazama usemi wenyewe. Mchelea mwana kulia. Mwana! Usemi huo unazungumza juu ya mtoto asiyejua, na mzazi anayejua. Mama yule si mtoto wangu. Ana umri wa kunizaa. Nilipojipa haki ya kuamua kiasi cha maumivu yake, nilimfanya mtoto papo hapo, juu ya kitanda, uso wake ukiwa umetazama chini. Na sisi tunao usemi mwingine, ambao sikuukumbuka siku ile: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu, iliporekebisha maana ya neno hilo, iliongeza kwamba maumivu daima ni ya mtu binafsi, na mtu akisema anaumia neno lake liheshimiwe. Wazee wetu walishayasema hayo kwa kunguni.

Basi, tumemaliza? Maumivu ni ya mwenye mwili, kwa hiyo yeye ndiye wa kuamua? La hasha. Nami nilidhani tumemaliza.

Mama fundi, kwa kunisifu, aliniletea jirani yake. Huyu alikuwa ametoka Mwanza kwa basi siku chache nyuma, na shavu la mguu mmoja lilikuwa linamuuma. Akaniambia, "Nifanyie kama ulivyomfanyia mwenzangu. Usinihurumie." Nikatazama. Mguu mmoja ulikuwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, na ukiuma hata kwa kuguswa kidogo. Jambo hili mwalimu alitufundisha kwa sauti ya ukali: mguu wa namna hiyo, hasa baada ya kukaa muda mrefu, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, lile donge linaweza kung'oka likasafiri hadi kwenye mapafu, na mtu akafa. Nikamwambia, "Dada, mimi sikugusi. Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho."

Alikasirika. Akasema nimembagua, nimejidai daktari, kama ni hela angelipa. Nikamsihi tena, akaondoka akichechemea. Baadaye nilisikia kwamba alikwenda hospitali kwa shingo upande, akalazwa. Sikupewa asante na sikuitafuta. Lakini ona mambo yalivyo: niliyemuumiza ananisifu, niliyemkatalia alinitukana. Kama ningeipima kazi yangu kwa shukrani za watu, ningeendelea kuumiza na kuacha kukataa.

Jirani yule alitoa ruhusa tena kwa sauti, na ilikuwa lazima niikatae. Kwa hiyo ruhusa ya mtu ni lazima, lakini peke yake haitoshi. Maumivu ni yake. Ujuzi wa hatari ni dhamana yangu. Yeye anaweza kuniambia "acha" wakati wowote, na ni lazima niache. Akiniambia "endelea" bado sijafunguliwa. Nadhani hapo ndipo nilipofika, ingawa nimefika kwa kupapasa.

Wengine wataniuliza: na yule kijana mpakiaji wa magunia anayetaka kiwiko kizito kweli, utamnyima? Hapana. Naye ni mtu mzima, na kuna maumivu ambayo mtu huyataka, yenye utamu ndani yake, kama kupigwa pilipili kwenye mchuzi. Tofauti yake na mama fundi haiko kwenye uzito. Yule kijana akisema "hapo, hapo, punguza", mlango uko wazi na ufunguo anao yeye. Mama yule mlango nilimfungia kwa maneno "ikiuma ndiyo inapona". Ukishamwambia mtu kwamba kuumia ndiko kupona, umemnyang'anya neno la kukuzuia. Akilia, anapona. Asipolia, ni jasiri. Atasemaje basi?

Siku hizi kabla sijamgusa mtu namwambia: kutoka 0 mpaka 10, ikifika 6 niambie, na usiponiambia nitasoma vidole vyako vya miguu. Nikaenda pia kibandani kwa mama fundi. Nikampa shikamoo, nikasubiri wateja waondoke, nikamwambia ukweli wote: kwamba yale madoa hayakuwa sumu, yalikuwa kosa langu, na kwamba nilimdanganya.

Akacheka. Akasema, "Mwanangu, usijishushe. Mbona nilipona?" Akanishonea bure mfuko wa sare uliokuwa umechanika.

Amerudi mara 2 tangu siku hiyo. Naweka mkono begani, nashuka polepole, nangoja, nauliza, "Hapa je, mama?" Naye anajibu uso ukiwa chini, "Kaza tu. Wewe si ndiye unayejua?"

Hapo ndipo ninapokwama, ndugu msomaji. Uongo wangu ulichukua dakika 1 kuusema, na ukweli haujaweza kuuondoa. Wewe unayeandika, ambaye nawe wakati mwingine unabonyeza watu mahali panapouma na kusema ni kwa faida yao, kama unalo jibu, niandikie.