Dawa ni Mali ya Nani?

Profesa Erik De Clercq wa Leuven, Ubelgiji, aliongoza kundi la wataalamu waliopima dawa zilizotengenezwa na Antonín Holý kule Prague. Hivyo ikapatikana tenofoviri, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001 kwa wenye ukimwi.

Je, ndugu msomaji, dawa ya namna hii ni mali ya nani? Wengine husema: aliyelima ndiye avunaye. Ujira ni haki, sikatai. Lakini aliye na mkate mbele ya mwenye njaa hawezi tena kusema "ni wangu" kama alivyosema jana. Na shamba lenyewe lililimwa na wengi, hata wagonjwa waliokubali kujaribiwa.

Mwaka 2006 kampuni yenye dawa iliwaruhusu watengenezaji wa Uhindi kuitengeneza kwa bei nafuu kwa nchi maskini. Tusiharakishe kuliita tendo hilo sadaka, maana mgonjwa wa Bukavu alikuwa akidai chake tangu dawa ilipothibitika.