Kiberiti Kiwekeni Chini: Neno kwa Wakulima wa Mwambao wa Lindi

Ndugu zangu wa Somanga na Kivinje, wa Njinjo na Mavuji, wa Mchinga na Mingoyo. Wazee wangu wa vyama vya msingi. Mama zangu mnaookota korosho mmeinama tangu alfajiri. Nanyi vijana mnaoshika usukani wa trekta la chama: nisikilizeni.

Msimu umekwisha. Magunia yamefika ghalani, stakabadhi zimeandikwa, mnada umepita. Sasa tunarudi shambani na panga na msumeno kupogoa mikorosho, kama watafiti wa Naliendele walivyotufundisha kwa miaka mingi, ili hewa na jua vipenye ndani ya mti na ubwiri unga usipate pa kujificha. Hiyo ni kazi njema. Lakini tukishapogoa, tunafanya nini? Tunarundika matawi katikati ya shamba, tunayaacha yakauke hadi kiangazi, kisha tunawasha kiberiti.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mkorosho umekaa miaka 20 na zaidi ukivuta chakula kutoka chini kabisa ya mchanga wetu huu mwembamba, ukakipandisha kwenye shina, kwenye tawi, kwenye jani. Tawi ulilolikata limebeba chakula kile kile. Ukilichoma, naitrojeni yake inaondoka na moshi mbele ya macho yako. Kinachobaki ni majivu, na majivu juu ya mchanga hayangoji: mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba inayateremsha bondeni. Mwezi unaofuata unasimama kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku. Umechoma mbolea uliyopewa bure na Mola wako, unakwenda kununua nyingine kwa mkopo!

Na moto haujui mpaka wa shamba. Upepo wa kusi ukivuma mwezi wa Agosti, cheche ya rundo lako inalala usiku kwenye mikorosho ya jirani, asubuhi imeingia msituni. Kilwa hii ndiyo yenye misitu ya vijiji ambayo watu wa Kikole na Kisangi waliitunza hadi mwaka 2009 ikapata cheti cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, na mpingo wake ukauzwa kwa heshima. Mpingo unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa. Kiberiti kinachukua nukta moja.

Dawa ipo. Ni mashine ya kukatakata matawi, inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na mhimili wake wa nyuma, ule ambao madereva wetu wanauita pitio. Unaingiza tawi mdomoni, upande wa pili zinatoka chipu ndogo ndogo. Chipu zile unazitandaza chini ya mti. Zinazuia jua lisikaushe ardhi, zinabana magugu, zinaoza taratibu na kurudi kuwa udongo. Ziache wazi kadiri ya mkono mmoja kutoka kwenye shina, maana ukizilundika kwenye gome umewakaribisha mchwa. Wala usizichimbie ardhini zikiwa mbichi. Zikizikwa hivyo, vijidudu vinavyozila vitanyang'anya udongo naitrojeni ambayo mti ulikuwa unaihitaji. Ziweke juu, uziache.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuhesabu fedha za chama. Basi ngojeni, kwa sababu nina maneno makali zaidi kwa mnunuzi kuliko kwa mchomaji.

Nimeiona mashine ya namna hii katika kijiji kimoja cha mwambao. Sitakitaja. Ilifika na sherehe, watu wakapiga vigelegele. Siku ya tatu ilizima. Waliifunga kwenye trekta dogo lisilo na nguvu za kuibeba, wakailisha matawi yaliyoburutwa mchangani, visu vikawa butu, mkanda ukaungua. Niliporudi mwaka uliofuata niliikuta chini ya mwembe, kuku wametaga ndani ya mdomo wake. Chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kula beringi. Matawi yalikuwa yanachomwa kama zamani, na deni lilikuwa bado linalipwa.

Ndugu zangu, chagueni kwa akili. Jambo la kwanza ni trekta mlilonalo. Msisome nguvu za injini peke yake. Ulizeni nguvu inayofika kwenye pitio, ambayo siku zote ni pungufu. Mashine inayomeza tawi la sentimita 10 huwa inaridhika na farasi 25 hadi 35. Ya sentimita 15 inataka 40 na kuendelea. Massey Ferguson 135 ya zamani, ambayo bado inahema katika vijiji vyetu, ina injini ya farasi 45 hivi ikiwa mpya, na ya kwenu si mpya. Kisha tazameni mzunguko: mashine nyingi za kiasi hiki zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Ukiifunga kwenye pitio ya 1,000 umeandaa msiba. Na pawatila zile za enzi ya Kilimo Kwanza, msizitese. Hazikuumbwa kwa kazi hii.

Jambo la pili ni mnachotaka kukata. Hapa wengi wanapotea. Kuna mashine ya visu na kuna mashine ya nyundo. Visu vinapenda mti mbichi, ulionyooka, msafi: tawi la mkorosho, la mwembe, la mwarobaini. Nyundo hazikati, zinaponda. Zinastahimili vijiti vikavu, mabua ya ufuta na takataka zilizochanganyika na mchanga kidogo. Makuti ya mnazi yana nyuzi zinazojisokota kwenye mhimili kama kamba kwenye roda, kwa hiyo yapelekeni kwenye nyundo, tena machache machache. Mvinje ni mgumu, uingizeni ukiwa mbichi na mwembamba. Mpingo usiuingize kabisa: ni mzito hata ukitupwa majini unazama, utavunja kisu, na aliyeufikisha mpingo kwenye mdomo wa mashine ana hesabu ya kutoa kwa kijiji kizima. Mikoko pia msiiguse, ni hifadhi kwa mujibu wa sheria, na ndiyo nyumba ya kamba na samaki wenu.

Jambo la tatu ni spea. Muulizeni muuzaji: kisu kikivunjika, kingine kiko wapi? Beringi ni ya namba inayopatikana Kariakoo, au lazima iagizwe ng'ambo? Mkanda je? Msikubali jibu la tabasamu. Mnakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam ikakatika pale Somanga, magari yakalala njiani. Chama ambacho seti ya pili ya visu na mkanda wa akiba viko Dar es Salaam hakina visu wala mkanda.

Nami nawaambia haya kwa sababu mkoa wetu umeshawahi kulipia somo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Walileta matrekta kwa mamia, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Reli ikajengwa kutoka pwani kwenda bara kubeba karanga ambazo hazikuwahi kutosha kuijaza. Kule Kongwa, ndani ya mwaka wa kwanza tu, matrekta mengi yalikuwa yamesimama: madereva walifundishwa haraka haraka, mafundi wachache, spea hakuna, visiki na mibuyu havikuwaonea huruma. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, paundi zaidi ya milioni 30 zimepotea. Fedha hawakukosa wale. Walikosa mtu wa kushika spana kwa wakati wake.

Lakini sisi watu wa mwambao tuna udhuru gani? Sisi ndio tunaojua kutunza chombo! Tazameni jahazi pale Kivinje. Maji ya bamvua yakijaa linapandishwa, maji yakitoka linalala ubavu, fundi anapita na patasi na pamba anakalafati kila mwanya, mbao zinapakwa mafuta ya sifa, chini linapakwa shahamu na chokaa wadudu wasilitoboe. Hakuna nahodha anayengoja chombo kizame ndipo akalafati. Babu zetu hawakufundishwa hayo na mradi wowote. Basi mtu yule yule anayelipaka jahazi sifa, kwa nini anaacha visu vya mashine vikeshe kwenye umande wa chumvi bila hata tone la oili?

Utunzaji wenyewe ndio huu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, bomba la grisi lipite kwenye krosi za propela, ule mhimili unaoiunganisha mashine na pitio, na kwenye beringi za ngoma inayobeba visu, kisha futa iliyozidi ili isikusanye mchanga. Kaza bolti za visu. Ukibadilisha visu, fanya kazi saa moja, zima, ukaze tena. Kisu kimoja kisinolewe peke yake. Vinolewe vyote, pembe ile ile ya kiwandani, uzito sawa, la sivyo ngoma itatetemeka na beringi itakufa kabla ya msimu kwisha. Pengo kati ya kisu na chuma kilichosimama mkabala nacho lipimwe: mara nyingi ni milimita 1 hadi 3, na kitabu cha mashine kitakuambia kipimo chake. Kitabu hicho mkitunze kama hati ya shamba. Utomvu wa mkorosho ukiganda kwenye visu, ufute kwa dizeli jioni ile ile, kesho utakuwa lami. Chipu zikianza kutoka kama nyuzi na vumbi, au tawi linarukaruka badala ya kuvutwa, visu vinaomba kunolewa. Usimlazimishe dereva aongeze moto. Na matawi yabebwe, yasiburutwe. Mchanga wa Kilwa unanyoa kisu kuliko mti wowote.

Propela ina bolti moja dhaifu makusudi, ya kukatika mashine ikikwama ili giaboksi ipone. Fundi akikuletea bolti ngumu zaidi akisema hii haikatiki, mrudishie. Anakuuzia giaboksi mpya.

Sasa nasema na vijana, na hapa nawasihi kama baba. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Upindo wa kanzu, ncha ya kikoi, pembe ya kanga ikigusa propela isiyo na kava, mtu amekwisha kuvutwa kabla hajamaliza kusema bismillahi. Kava ya plastiki ya propela si pambo. Ikivunjika, kazi isimame hadi inunuliwe nyingine, hata kama wateja wamepanga foleni hadi barabarani. Kazini vaeni nguo za kubana, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio. Tawi likikwama, usitie mkono, usitie mguu. Toa pitio, zima trekta, toa ufunguo, tia mfukoni mwako wewe mwenyewe, kisha ngoja. Ngoma ile ni nzito, inaendelea kuzunguka muda mrefu trekta likiwa limeshanyamaza. Ngoja hadi uione imesimama kwa macho yako. Watoto wasikaribie hata kuja kutazama.

Haya yote yanawezekana. Hayataki shahada, yanataka uaminifu. Mali ya chama ni amana, na amana ina siku ya kuulizwa. Mwenyekiti ataulizwa, dereva ataulizwa, na wewe uliyeona kava imevunjika ukanyamaza utaulizwa pia.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao wa chama chenu, ajenda ya kununua mashine ikisomwa, simameni mmoja mmoja muulize: ni nani, kwa jina lake, atakayeshika bomba la grisi kila asubuhi? Banda la bati la kuilaza liko wapi? Fedha ya visu vya mwaka wa pili imetengwa kwenye akaunti gani? Mkijibiwa, nunueni, na Mungu awabariki. Msipojibiwa, msinyooshe mkono.

Na matawi yaliyorundikwa shambani leo, msiyachome wakati mkingoja. Yakatekateni kwa panga, myalaze chini ya mikorosho.