Sahani Nyingi, Wali Uleule

Wanangu, tundu tupu halina amani mbele ya binadamu. Tangu USB ilipoanza kuzoeleka, mwishoni mwa miaka ya 1990, nawaona watu wenye akili zao timamu wakinunua habu ya matundu saba na kuyajaza yote kabla chai haijapoa: simu tatu, kipanya, modemu, feni ndogo ya mezani, na hadidiski iliyobeba kila walicho nacho. Siwalaumu. Kitu kikiwa wazi, mkono huwasha.

Kosa lao ni lilelile miaka yote, kudhani kwamba tundu likiongezeka na umeme umeongezeka. Ukipakua sufuria moja ya wali kwenye sahani saba, wali ni uleule. Tundu la USB 2.0 la kompyuta limepangiwa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, la USB 3.0, miliampea 900. Habu isiyo na adapta yake inachota humohumo, yenyewe ikianza kujihudumia, na vilivyochomekwa vinagombania masalia.

Simu itaonyesha alama ya kuchaji, mwenyewe ataridhika na kulala. Asubuhi haijafika popote, naye anailaumu betri, anakimbilia sokoni kununua nyingine ya bei ya kutupa. Hiyo hasara ndogo, itapita.

Kinachonisikitisha ni hadidiski. Ile ya kuzunguka, inapoamka, hutaka umeme mwingi kuliko ikishashika mwendo. Isipoupata hulia tik, tik, inazima, inajaribu tena, na ikikatika katikati ya kuandika, faili zinaharibika. Nimewaona wanafunzi wiki ya kukabidhi tasnifu, macho mekundu, wakiuliza ni kirusi gani kimewaingilia. Hakuna kirusi. Kuna feni.

Mwenye kujiona mjanja huchomeka habu juu ya habu. Kanuni za USB zinaruhusu hadi habu tano mfululizo, ni kweli, lakini ruhusa haishibishi kifaa.

Kama lazima ununue, nunua yenye adapta yake ya ukutani, na usiangalie wingi wa matundu, soma maandishi madogo kwenye adapta. Volti 5, ampea 2? Hizo ni wati 10 za kugawana, muuzaji akuapie atakavyo. Simu ichajiwe kwa chaja yake. Hadidiski ikae kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Kipanya, kibodi na flashi ndivyo viachiwe habu, havina ulafi.

Mtanisikiliza mpaka Jumatano hivi, nawajua. Basi mkisharudia mambo yenu, angalau iamrisheni kompyuta iiachie hadidiski kabla hamjaichomoa, maana hata hilo la kubofya mara mbili mnaliruka, eti mna haraka, kisha mnakaa jioni nzima kuangalia kurasa za video.