Iliishia Wapi?

Tuseme jukiboksi kuukuu, lile sanduku la muziki lililolishwa sarafu, imebaki pembeni mwa baa iliyofungwa zamani huko Kibwezi. Umeme ukirudishwa, taa zinawaka, mota inanguruma, mkono unainua santuri ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, kisha unaganda nayo hewani. Mwenye baa atasema mashine imekufa. Fundi atauliza: iliishia wapi?

“Imekufa” ni hukumu, na baada ya hukumu hakuna la kufanya. “Iliishia wapi” inakiri kwamba kazi ilianza: sarafu ilipokewa, wimbo ukachaguliwa, santuri ikapatikana. Kilichoshindikana ni hatua moja, ile inayofuata. Basi fundi huchomoa waya wa umeme, akazungusha gia kwa kidole, polepole, mpaka ahisi zinapokuwa nzito.

Akifika hapo, mara nyingi hakuti chuma kilichovunjika. Hukuta grisi. Ile ile iliyopakwa ili vyuma viteleze imekaa miaka, imekunywa vumbi, imegeuka gundi. Mwenye haraka humwagia mafuta juu yake; mashine hucheza siku mbili tatu, vumbi likapata pa kunatia zaidi. Mwenye subira hukwangua na kusafisha hadi chuma kionekane, ndipo akapaka kidogo, upya.

Hapo najiona mwenyewe. Mengi yanayonikwamisha leo yalianza kama kilainishi: ukimya ulioepusha ugomvi nyumbani, mzaha uliofunika aibu. Yalinifaa kweli wakati wake. Kosa langu ni kuyaacha mahali pake miaka yote, na kila nilipokwama kuongeza mengine juu yake.

Kitui wanalijua swali la fundi bila kuwahi kufungua jukiboksi. Kiangazi mto Tiva ukikauka, hawaulilii matanga. Huchukua jembe wakachimba mchangani, wakiyafuata maji kule yalikoishia.

Kakai alifariki mwaka 1987, na hilo halina bisibisi. Lakini wimbo wake uko pale pale, umening’inia kimo cha kiganja juu ya sahani inayozunguka. Kati yake na sindano kuna uchafu mweusi wa ukubwa wa punje ya mtama, na kidole ambacho bado hakijakubali kuchafuka.