Baada ya Joho, Njia Ipi?

Kila mwaka, inapofika miezi ya Novemba na Desemba, vyuo vyetu vingi hufanya mahafali, na nyumba nyingi za Kikristo hujaa furaha. Baba aliyeuza ng'ombe, mama aliyekaanga maandazi alfajiri miaka mingi, mjomba aliyetoa nauli, wote husimama kupigwa picha pamoja na kijana wao aliyevaa joho. Ni furaha ya haki, nasi twamshukuru Mungu pamoja nao. Lakini joho hurudishwa. Miezi mitatu hupita, kisha sita, kisha mwaka, na swali moja humfuata kijana kila aendako: "Je, umeshapata?" Tumewaona vijana wanaochelewa Misa ya Jumapili makusudi na kutoka kabla ya baraka, si kwa kukosa imani, bali kwa kuogopa kuulizwa swali hilo mlangoni pa kanisa.

Jambo hili si dogo. Kijana asiyejua aelekee wapi aweza kuidharau elimu yake, kisha kujidharau mwenyewe, kisha kumwona Mungu kuwa amemsahau. Kwa hiyo leo twapenda kusema na vijana hao, kisha na wazazi wao, na mwisho na wale wote walio na kazi.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi mambo yalivyobadilika. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Nchi ilikuwa ikiingia katika uhuru, na ofisi zilihitaji watu. Aliyesoma hakuitafuta kazi. Kazi ilimtafuta yeye. Ndipo wazee wetu walipozoea kuamini kwamba cheti na kiti cha ofisini ni kitu kimoja. Leo vyuo vikuu vyatoa wahitimu maelfu kwa maelfu kila mwaka, na viti havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Basi asiyepata kiti si lazima awe mvivu, wala si mjinga, wala hakurogwa. Ole wao wanaomchukua mtoto wao kwa mganga ati akafunguliwe njia! Wanapoteza fedha, na zaidi ya fedha wanampotezea mtoto imani.

Katika hali hiyo vijana huingia katika moja ya mashimo mawili. Wengine hungoja tu. Wametuma maombi ya kazi, na sasa wanakaa na simu mkononi toka asubuhi hata usiku, kana kwamba maisha yatasimama mpaka jibu lije. Wengine, kinyume chake, hukimbilia kila linalong'aa: leo biashara hii, kesho ile, keshokutwa kamari ya mpira. Hao ndio mawindo ya matapeli wanaoahidi nafasi ya kazi kwa malipo ya siri. Mjue neno moja: anayedai fedha ili akupatie ajira ama ni mwizi, ama anakufanya mshiriki wa rushwa. Msimpe hata senti.

Je, imani yetu yasema nini? Yasema kwamba kila mbatizwa ana wito. Wengi hudhani wito ni wa mapadre na watawa tu. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, ulifundisha wazi kwamba wote wameitwa kwenye utakatifu, na kwamba walei huutafuta katika shughuli zenyewe za dunia. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alieleza kwamba heshima ya kazi haitoki hasa katika aina ya kazi, bali hutoka kwa mtu anayeifanya. Mwana wa Mungu alikaa Nazareti miaka mingi, akijulikana na majirani kuwa fundi. Mtume Paulo, mtu aliyesoma sana, alishona mahema huko Korintho pamoja na Akwila na Priskila, wala hakuona kwamba sindano imemwondolea utume.

Lakini kijana atasema: "Nimekubali kwamba nina wito. Ila ni upi? Sioni njia." Tumjibu kwa mfano wa mtakatifu aliyelijua swali hilo vizuri.

Inyasi wa Loyola alikuwa mwanajeshi mwenye kupenda sifa. Mwaka 1521, akiwa na umri wa miaka kama 30, risasi ya mzinga ilimvunja mguu huko Pamplona, na mipango yake yote ikavunjika pamoja na mguu ule. Kitandani alisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, akageuka moyo. Akajiwekea shauri jipya: atakwenda Yerusalemu na kuishi huko hata kufa. Alifika mwaka 1523. Lakini mkuu wa Wafransisko waliotunza Mahali Patakatifu alimwamuru aondoke, kwa maana usalama wa wasafiri ulikuwa mashakani. Basi huyo hapo, amepita miaka 30, hana kazi, hana cheo, na lile shauri aliloliona kuwa ni la Mungu limefungiwa mlango. Akawa anajiuliza afanye nini.

Alifanya nini? Hakupanga maisha yote. Alichagua jambo moja lililokuwa karibu: kujifunza Kilatini, apate kuwafaa watu. Mwaka 1524 alikwenda Barcelona akaanza masomo ambayo kwa kawaida watoto huyafanya. Kutoka hapo alikwenda vyuo vingine, na mwaka 1528 akafika Paris. Huko alikaa chumba kimoja na kijana Fransisko Ksaveri, yule ambaye mwaka 1542 alitua Malindi, katika pwani yetu hii, akisafiri kwenda India. Na mwaka 1540 Baba Mtakatifu Paulo wa Tatu alilithibitisha Shirika la Yesu. Inyasi alipokaa na kitabu cha Kilatini hakuyaona hayo yote. Alikuwa na somo la siku ile tu, akalifanya kwa uaminifu. Hilo ndilo twataka kila kijana alishike: Mungu hakudai leo ramani ya miaka 40. Akudai hatua iliyo mbele ya mguu wako.

Tena mtakatifu huyo aliacha mafundisho juu ya kuchagua, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichotolewa mwaka 1548. Tuyatie katika hali yetu. Tuseme kijana amehitimu ualimu wa hisabati na fizikia. Ana njia tatu: kukaa kwa kaka yake Dar es Salaam akingoja ajira ya serikali, kufundisha shule ya binafsi kwa mshahara mdogo, au kurudi kwao Mbinga akalime kahawa pamoja na baba yake. Afanyeje?

Kwanza, atulie mbele ya Mungu na kuusawazisha moyo wake kama mizani ambayo haijalemea upande wowote. Asiseme, "Nitafanya apendalo Mungu, mradi liwe mjini." Kisha achukue karatasi, aandike kwa kila njia faida zake na hasara zake. Aandike kweli kwa kalamu, maana mawazo yakikaa kichwani huzunguka kama ng'ombe kwenye mtondoo.

Pili, ajiulize maswali mawili ya Inyasi. La kwanza: Kama mtu nisiyemjua angekuja kwangu na hali hii hii, ningempa shauri gani? Mara nyingi twawashauri wengine kwa busara kuliko tunavyojishauri wenyewe. La pili: Siku ya kufa kwangu, ningependa niwe nimechagua nini leo? Swali hilo huondoa aibu nyingi. Kitandani pa mauti hakuna anayejali majirani walisema nini alipoonekana na jembe.

Tatu, asibadili shauri jema wakati wa giza la moyo. Aliyeamua kufundisha asiache kwa sababu ya juma moja baya. Katika siku za huzuni azidishe sala na kushika alichokiamua katika siku za nuru.

Nne, na hili ni faraja kubwa: Inyasi alitofautisha mambo yasiyobadilika yakishachaguliwa, kama ndoa na upadre, na yale yawezayo kubadilika. Kazi ya kwanza si ndoa! Yule mwalimu aweza kufundisha miaka miwili, akaacha kwa heshima, akalima. Aweza kulima asubuhi na kufundisha watoto wa kijiji jioni. Basi asiogope kuanza. Ila kwa sababu hiyo hiyo twaonya: msikimbilie yale yasiyobadilika ili kukwepa shida ya kazi. Binti asiolewe kwa kuwa hana ajira, wala kijana asiombe seminari kwa kuwa huko kuna chakula. Madhabahu si ghala.

Tena, hatua ya karibu mara nyingi ni kazi ya mikono. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamaa zake na kumfanya ajione bora kuliko wao. Onyo hilo halijazeeka. Mwenye shahada akienda VETA kujifunza ufundi wa umeme au ushonaji hakurudi nyuma. Ameongeza mkono juu ya kichwa. Wengine wamefaidika na mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Tena sheria yaziagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 4 ni za vikundi vya vijana. Vijana watano wa jumuiya moja wakiaminiana, waende wakaulize katika kata yao. Na aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi akumbuke kwamba ni deni la haki. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa. Asinung'unike wala asijifiche, kwa maana fedha hiyo ndiyo itakayomsomesha mdogo wake.

Sasa twageukia ninyi, wazazi wapenzi. Mmetoa jasho, hakuna anayelikana. Lakini mtoto si akiba ya benki, wala elimu si mahari mliyolipa mkingoja kurudishiwa. Neno "tumekusomesha bure" limewavunja vijana wengi kuliko njaa. Liacheni. Badala ya kumwuliza kila jioni kama amepata, mwulizeni amefanya nini leo, kisha msikilizeni. Mpeni kipande cha shamba kiwe chake kweli, au sehemu ya duka aitunze na kutoa hesabu. Mpeni kitanda bila masimango. Na akichagua kazi halali ambayo hamkuitazamia, mbarikini. Yosefu naye hakupewa maelezo yote. Aliamka tu, akatenda aliloambiwa usiku ule.

Nanyi mlio na kazi na mamlaka ya kuajiri, Mungu atawauliza. Kati ya dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, Katekisimu yetu yataja kumnyima mfanya kazi ujira wake. Yuko tajiri Mkristo amwekaye kijana mwaka mzima "akijifunza kazi" bila malipo, hali anafanya kazi ya mtu mzima. Yuko mkubwa wa ofisi aiwekaye nafasi kwa mpwa wake, akamfukuza aliyestahili. Hao wote hupokea Komunyo na kuimba kwa sauti. Watengeneze kwanza walichoharibu. Nazo jumuiya ndogo ndogo, zinapokutana kusali, zisimkumbuke kijana kwa michango tu. Ziulize nani anahitaji mhasibu wa kikundi, nani ana watoto wanaoshindwa hesabu, nani ana cherehani iliyolala. Huenda hatua ya kijana huyo imo katika nyumba ya jirani.

Wapenzi vijana, hamkusahauliwa. Talanta aliyoizika yule mtumwa mwoga wa Injili haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa shimo. Aliogopa kukosea, basi hakufanya neno lolote. Ninyi msiogope hivyo. Jumapili hii njoni Misa mapema, kaeni mpaka baraka ya mwisho, na mtu akiwauliza mlangoni, mjibuni kwa uso wazi: "Bado sijapata ajira, lakini kesho nina kazi." Jumatatu asubuhi, mkiisha kufanya ishara ya msalaba, chukueni karatasi ile, mwone hatua iliyoandikwa juu kabisa, na mwende mkaifanye. Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi, ambaye Kanisa lamkumbuka kila tarehe 1 Mei tangu mwaka 1955, awaombee ninyi na nyumba zenu zote.