Nani Apimwe Mlangoni?

Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, kwanza mkuu wa shule, kisha mkufunzi katika chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Kwa hiyo suala la sifa za kujiunga na masomo nimelishika kwa mikono yangu. Hata hivyo, mahali lilipojitokeza waziwazi kuliko pote nilipolisoma ni katika mchezo ambao sijapata kuuona uwanjani, yaani kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai.

Huko Marekani mchezo huu umekita mizizi katika vyuo vikuu. Kijana wa miaka kumi na minane mwenye nguvu na mbio hufuatwa na makocha hadi nyumbani kwao, akabembelezwa yeye na mama yake, akaahidiwa kusoma bure. Siku ya mechi kubwa uwanja wa chuo waweza kujaa watu elfu themanini. Sasa, msomaji, jiulize: kijana huyo awe amefaulu nini shuleni ndipo chuo kimpokee?

Kwa miaka mingi wako waliojibu kwa vitendo kwamba si lazima afaulu chochote. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Georgia, wachezaji tisa walioshindwa Kiingereza cha darasa la maandalizi walipandishwa na wakubwa wa chuo kuingia masomo ya kawaida, na Januari 1, 1982 timu yao ikawa nao katika mechi ya Sugar Bowl. Mwalimu Jan Kemp alipinga. Alishushwa cheo, kisha akafukuzwa kazi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1986 alishinda na kupewa fidia ya zaidi ya dola milioni mbili, ambayo baadaye ilipunguzwa.

Katika kesi ile wakili wa upande wa chuo alitoa hoja ambayo sijaisahau. Alisema kwamba huenda kijana wa namna hiyo wasingemfanya msomi, lakini wakimfundisha kusoma na kuandika, angalau ataweza kufanya kazi posta badala ya kuzoa taka. Nilipoisoma nilikasirika. Halafu nikaitafakari tena, na nakiri kwamba si hoja ya kipumbavu. Ni nusu ya hoja njema. Laiti wangemfundisha kweli! Mchezaji mmoja mashuhuri, Dexter Manley, alikaa miaka minne katika Chuo Kikuu cha Oklahoma State, na mwaka 1989 alisimama mbele ya kamati ya Seneti akaeleza kwamba alitoka pale hajui kusoma. Alikuja kujifunza akiwa mtu mzima, tayari ni bingwa wa taifa zima. Miaka minne ile walimu wake walikuwa wakisahihisha nini?

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa kimekwisha kupitisha kanuni mwaka 1983, ikaanza kutumika mwaka 1986. Kijana alitakiwa awe na wastani wa 2.0 katika masomo kumi na moja ya msingi, na alama 700 katika mtihani wa SAT, ambao alama zake za juu ni 1600. Asiyefika aliweza kupata ufadhili lakini asingecheza mwaka wa kwanza. Waliokwama zaidi ni vijana weusi waliotoka shule duni. Mwaka 1989 ikapitishwa kanuni nyingine ya kuwanyima hata huo ufadhili, na hapo watu weusi wenyewe wakagawanyika. John Thompson, kocha wa mpira wa kikapu wa Georgetown, aliondoka uwanjani mechi ikikaribia kuanza, kwa kupinga. Arthur Ashe, bingwa wa tenisi, aliiunga mkono: wekeni kiwango, watoto wetu watakifikia. Wote wawili waliwapenda vijana hao.

Mimi ningesimama na Thompson, na sababu yangu inatoka huku kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilihitaji walimu wengi upesi, na vijana wa darasa la saba wakachukuliwa kufundishwa ualimu wakiwa kazini. Tuliwaita walimu wa UPE, na wengi walicheka jina hilo. Nilipata kuwafundisha baadhi yao walipokuja chuoni kujiendeleza. Mmoja alikuwa hajui kugawanya sehemu kwa sehemu, naye alikuwa amelifundisha somo hilo miaka mitatu! Alikaa na mkufunzi wa hisabati kila jioni kwa muhula mzima, akaondoka akiwa mwalimu wa hisabati hasa. Mwingine aliyekuja na alama bora kuliko zake hakusaidiwa na mtu, na alirudi kijijini vilevile alivyokuja.

Ndiyo maana sioni aibu kumpokea aliye chini ya kiwango. Aibu ni kumpokea kisha kumtumia. NCAA imebadilisha kanuni mara nyingi: tangu mwaka 2016 yanatakiwa masomo kumi na sita na wastani wa 2.3, na mwaka 2023 mtihani uliondolewa. Sina ugomvi na hilo. Lakini ripoti ya mwaka 2014 kuhusu Chuo Kikuu cha North Carolina ilionyesha kwamba kwa miaka kumi na minane kulikuwa na masomo yasiyo na vipindi, ambayo mwanafunzi alitakiwa kuandika insha moja tu. Zaidi ya wanafunzi 3,000 walipitia humo, karibu nusu yao wanamichezo. Hao walikuwa wamekwisha kuvuka mlango.

Hadi mwaka 1972 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya kandanda ya chuo. Ningependa utaratibu huo urudi, na mwalimu anayetoa alama asiwe mtu wa kutetemeka mbele ya kocha. Najua nitaambiwa kwamba nimechelewa: tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na kijana aweza kuhama kila mwaka kufuata penye malipo manono. Basi na alipwe, jasho ni lake. Ila chuo kinachoendelea kumwita mwanafunzi kina deni jingine kwake, na deni hilo halilipwi kwa hundi.